Mgeni Alipaye na Mwenyeji Achezaye

Liko neno ambalo wazee na vijana wa huku kwetu Ruvuma hushindana nalo, nalo lastahili kupimwa polepole, si kwa ghadhabu wala kwa mzaha. Neno lenyewe ni hili: Je, ni halali mtu kupokea ujira ili acheze ngoma ya kwao mbele ya wageni wanaokula? Wengine hujibu upesi, Ni halali, maana kila kazi ina ujira wake. Wengine hujibu upesi vilevile, Si halali, maana ngoma si samaki hata ipelekwe sokoni. Mimi naona majibu yote mawili yamekuja mbio mno. Kila moja limeshika kipande cha kweli, na mwenye kushika kipande huwa mkali kuliko mwenye kushika kitu kizima.

Kwanza tueleze jambo lilivyo, ili asiye mtu wa ziwani alifahamu. Mtu atokaye Songea kwenda Mbamba Bay hupita Mbinga, katika milima ya Wamatengo walimao kahawa na kuchimba mashimo yao ya ngolo kwenye miteremko. Kisha hushuka, na kushuka tena, hata afike ufukoni. Safari yote ni kama kilometa 170. Zamani ilikuwa safari ya taabu, hasa wakati wa mvua. Siku hizi njia ya lami imefika ziwani, na mtu aweza kuondoka mjini asubuhi, akaliona jua likizama siku ile ile ng'ambo ya maji, upande wa Malawi. Ziwa Nyasa lina urefu upitao kilometa 550, na mahali penye kilindi kikubwa kina chake hufika mita 700 hivi. Mgeni alionapo mara ya kwanza hudhani ni bahari, mpaka aonje maji yake.

Basi jioni wageni hupandishwa mashua, wakapelekwa kandokando ya ufuko kulitazama jua, kisha hushushwa mahali palipowashwa moto. Hapo hupewa mbasa wa kuchoma, na usipa, na ugali wa muhogo. Wakiwa wangali wanakula, vijana huingia na ngoma, mganda wa wanaume au kioda ya wanawake. Ngoma ikiisha, wageni hupiga makofi, hurudi mashuani, na wachezaji hugawana fedha. Huko Unguja karamu za namna hii ni biashara ya kila siku, na majahazi hung'oa nanga jioni kwa ajili yake. Kwetu jambo lingali changa. Mwaka 2023 nchi yetu ilipokea wageni wa nchi za nje zaidi ya 1,800,000, lakini wengi wao huenda kwenye mbuga za kaskazini na Unguja. Wafikao Ziwa Nyasa ni wachache. Lakini Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Yafaa tulipime jambo hili sasa, kabla halijakauka likashindwa kukunjika.

Tena msidhani ya kuwa nawasema Wazungu tu. Mwalimu wa Songea aliyekwenda ziwani wakati wa likizo, karani aliyekwenda na jamaa yake, mfanya biashara wa kahawa, hata kwaya ya usharika iliyokwenda kutembea baada ya mkutano, wote hao wakiisha kulipa na kuketi ufukoni ni wageni walipao. Jambo hili latuhusu sisi tulioketi kama linavyowahusu wale wanaosimama kucheza.

Na tuwasikilize wazee kwanza. Wao husema hivi: Ngoma ni ya siku yake. Iko ya mavuno, iko ya arusi, iko ya kushindana kijiji na kijiji. Mtu huicheza kwa sababu moyo wake umejaa, na wenzake wamejaa pamoja naye. Ukiicheza kila Jumamosi kwa sababu mashua imefika, moyo haumo; miguu tu imo. Tena mwenyeji humkaribisha mgeni bure, kwa kuwa ukarimu ni heshima ya nyumba. Ibrahimu alipowaona wale watu watatu mbele ya hema yake alikimbia kuwalaki, akaandaa ndama, wala hakuwauliza watatoa kiasi gani. Waswahili nao husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawasemi, mgeni njoo, mwenyeji alipwe. Basi ukiuza makaribisho, umebakiza nini cha kumpa mgeni?

Maneno haya ni mazito, wala kijana asiyacheke. Lakini vijana nao wana neno. Wao husema: Mvuvi aliyekesha majini huuza samaki zake, wala hapana amwambiaye kwamba ziwa ni mali ya Mungu, basi na agawe bure. Mfinyanzi huuza chungu. Mpiga ngoma wa arusi hutuzwa mbele ya watu wote, na wazee wenyewe huinuka kumtuza. Kwa nini iwe aibu sisi tukipokea? Tena wazee husema ukarimu ni bure, lakini yule mwenye nyumba ya wageni amekwisha kuwatoza kwa chakula, kwa mashua na kwa kitanda. Kila kitu ufukoni kina bei isipokuwa sisi. Ikiwa ngoma yetu peke yake ni ya bure, haikuheshimiwa hapo, imeibwa.

Nakiri ya kuwa hoja hii ya mwisho hujibiwa kwa shida. Nayo ina mashahidi. Siti binti Saad, yule mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa Fumba huko Unguja, alitoka katika jamaa ya wafinyanzi, na husimuliwa ya kuwa alipokuwa kijana alizunguka akiuza vyungu. Baadaye aliimba kwa ujira, na mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri zilizouzwa pwani yote. Je, alipouza vyungu alikuwa mtu mwenye heshima, na alipouza sauti akawa mtu duni? Hapana mtu wa pwani asemaye hivyo. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha kumheshimu. Nasi wenyewe tuangalie nyumbani mwetu: kwaya za sharika zetu hurekodi nyimbo na kuziuza, na mwimbishaji akaribishwaye kwenye arusi hapewi shukrani tupu. Kama kuuza sauti ni haramu, basi tuanze kujihukumu wenyewe kabla ya kuwahukumu vijana wa ziwani.

Liko na neno jingine ambalo wazee wengi hulisahau. Husema kwamba ngoma ni urithi wa tangu zamani za kale, haikuguswa na kitu cha nje, na ya kuwa fedha za wageni ndizo zitakazoichafua. Lakini mganda wenyewe watoka wapi? Katika miji ya pwani, mwisho wa karne ya 19, watu walianza ngoma ya beni, wakiiga bendi na gwaride za askari. Askari na wapagazi wakaieneza bara, hasa katika vita vya 1914 mpaka 1918, na baada ya vita watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa wakatokeza mganda, pamoja na vyeo vyake, na mavazi yake meupe, na safari zake za kushindana kijiji na kijiji. Ndiyo maana wachezaji hupanga mstari na kugeuka pamoja kama watu wa zamu. Walichukua kitu cha mgeni, tena cha mgeni mwenye bunduki, wakakigeuza kuwa furaha yao na nidhamu yao. Basi jambo la kutoka nje halikuiua ngoma. Lilikuwa mama yake. Naye kijana amwambiaye mgeni ufukoni kwamba, Huu ni mchezo wa babu zetu tangu dunia iumbwe, anasema uongo, na hasara ya uongo huo si ndogo. Maana ameificha habari iliyo bora kuliko ile aliyoitunga. Babu zake walishurutishwa kuchukua mizigo ya vita vya watu wengine, nao waliporudi walijitengenezea ngoma. Hiyo ndiyo habari impasayo mgeni kuisikia.

Sasa na tuingie katika kiini cha shauri. Naona mtu achezaye mbele ya wageni hutoa vitu vitatu, navyo visichanganywe. Cha kwanza ni jasho: amekuja kwa miguu, amechoka, usiku umekwenda, kesho ana shamba. Jasho lina ujira, na asiyelipa jasho ni mdhalimu. Cha pili ni ustadi: miaka mingi ya kujifunza, na manju aliyemfundisha, na ngoma zilizowambwa kwa gharama. Ustadi nao una ujira. Ndiyo maana fundi hulipwa kuliko msaidizi wake. Lakini kiko cha tatu, nacho ni furaha yenyewe, ile inayomfanya mwenyeji amwambie mgeni kwa uso wake, Nimefurahi umekuja. Hiki hakina ujira. Si kwa sababu fedha ni chafu, bali kwa sababu hakimo mkononi mwa mwenye kuuza. Nawezaje kuuza kitu nisichoweza kukitoa kwa kukusudia tu? Mvuvi hawezi kuuza upepo, ijapokuwa hafiki popote pasipo upepo.

Basi wazee wanaposema ngoma haiuziki, wamekisema cha tatu. Na vijana wanaposema yauzika, wamevisema vile viwili vya kwanza. Wote wawili wamenena kweli, wala hawakusikilizana. Na kosa huzaliwa pale alipaye anapodhani ya kuwa amenunua vyote vitatu. Akisha kutoa fedha, hudai si kazi tu, hudai na kicheko. Na kosa huzaliwa vilevile pale achezaye anapozoea kuutengeneza uso wa furaha asiyo nayo, hata mwisho asijue mwenyewe uso wake wa kweli ni upi. Hiyo ndiyo hatari niiogopayo kuliko zote. Ngoma ikifa, watu waweza kuifufua. Lakini kijana aliyejifunza kwamba furaha ni vazi la kazi, atavaa vazi hilo hata nyumbani, hata msibani, hata mbele ya mke wake.

Tutajuaje, basi, ya kuwa mpaka haujavukwa? Mimi naona alama moja iliyo wazi: Je, mchezaji aweza kukataa? Katika kijiji, ngoma ina ruhusa nyingi. Mtu aweza kuingia na kutoka. Mtazamaji aweza kuzomea, aweza kusifu, aweza kuinuka akaingia uwanjani mwenyewe. Aliyefiwa hachezi, wala hapana amlaumuye. Ufukoni ruhusa hizi hupungua. Mmoja anakula na mwingine anacheza. Mmoja hukaa na mwingine husimama. Mmoja aweza kuondoka wakati wowote, na mwingine hana budi kumaliza. Sisemi kwamba huo ni utumwa. Nasema mahali ambapo hapana ruhusa ya kukataa, hata ujira mwema haufanyi ungwana.

Na tufanye mfano, nao si mfano wa mbali. Tuseme kikundi cha ngoma katika kijiji cha ziwani kimepatana na mwenye nyumba ya wageni. Kimepokea arubuni, na fedha ile imekwisha kutumika, nyingine kwa ngozi za ngoma, nyingine kwa unga, na nyingine msichana mmoja wa kioda amelipia mahitaji ya shule ya mdogo wake. Siku ya karamu, mchana, mtu wa kijiji afa majini. Matanga yawekwa. Jioni mashua itafika na wageni waliotoka mbali. Samaki wamekwisha kununuliwa, moto umewashwa. Mwenye nyumba ya wageni asema, Mmepokea fedha yangu. Ahadi ni deni. Wazee wa kijiji wasema, Mkipiga ngoma usiku huu, kilio kitasikia, nasi hatutawasamehe. Vijana wafanye nini?

Mwenye nyumba ya wageni hakusema neno la kipuuzi. Ahadi ni deni kweli. Naye si tajiri mkubwa. Wageni wakirudi wakinung'unika, mwaka ujao hawaji, na kijiji kizima kitaona upungufu. Tusimfanye mtu huyu kuwa mwovu ili shauri letu liwe jepesi.

Lakini na tuulize, vijana waliahidi nini? Waliahidi jasho na ustadi. Hawakuahidi, wala hawakuweza kuahidi, kwamba hawatafiwa. Kila ahadi ya mwanadamu imewekwa juu ya msingi usiotajwa, kwamba ataendelea kuwa mtu wa watu wake. Aliyepatana na fundi kujenga nyumba hakupatana naye kwamba asimzike baba yake. Tena ziko ahadi ambazo kuzitimiza ni dhambi kuliko kuzivunja. Mwajua habari za karamu ya Herode. Binti alicheza, mfalme akapendezwa, akaapa mbele ya wageni. Na alipoombwa kitu kiovu alihuzunika, lakini kwa ajili ya viapo vyake na kwa ajili ya wale walioketi naye akaamuru mtu mwenye haki auawe. Angalieni jinsi alivyofikiri. Aliogopa wageni wasimwone mtu asiyetimiza neno. Karamu ile ilikuwa na chakula, na mchezo, na ahadi iliyotimizwa, nayo ilikuwa karamu ya aibu. Sisemi kwamba kucheza wakati wa matanga ni sawa na kuua. Nasema ya kuwa maneno haya, Niliahidi, na Wageni wamekwisha kuketi, hayatoshi peke yake kulifanya jambo kuwa jema.

Kwa hiyo nahukumu hivi: usiku ule wasicheze. Waende wenyewe ufukoni kabla ya mashua kufika, wasitume mtoto, wasijifiche. Wamwambie mwenye nyumba ya wageni habari ya msiba, naye awaambie wageni. Wageni wapewe chakula chao kwa ukimya wa heshima. Nami naamini wengi wao hawatanung'unika. Maana hakuna taifa lisilojua kilio. Huenda usiku ule wakajifunza habari za kijiji kuliko ambavyo mganda wa saa nzima ungewafundisha.

Lakini shauri halikuisha hapo, na hapa ndipo watu wema wengi hukosea. Arubuni imekwisha kutumika. Nani atairudisha? Wazee wamekataza, nao wamekataza kwa haki. Kisha wamerudi kukaa msibani, wakamwachia deni msichana yule aliyemlipia mdogo wake shule. Heshima ya kijiji kizima imewekwa juu ya kichwa cha mmoja, tena aliye dhaifu kuliko wote. Huo si uadilifu. Nasema wazi: mwenye kukataza jambo kwa ajili ya heshima ya wote, na awe wa kwanza kuchangia gharama yake. Ikiwa kijiji chataka ngoma inyamaze, kijiji kilipe bei ya ukimya. Kila nyumba itoe kidogo, deni lirudishwe, au vijana wapatane na mwenye nyumba ya wageni kwamba watamlipa kwa kazi nyingine, au kwa usiku mwingine baada ya matanga kuondolewa. Kijiji kisichotaka kutoa hata senti hakina haki ya kumwita mchezaji msaliti. Kimeipenda heshima kama tajiri apendavyo usafi: wengine wafagie.

Na mapatano ya mara ya pili yawe mema kuliko ya kwanza. Yaandikwe waziwazi kwamba siku ya msiba hakuna ngoma wala hakuna deni la kuadhibu. Yaandikwe kila mchezaji atapata kiasi gani, ili fedha isiishie mkononi mwa manju. Watoto wasichezeshwe usiku hata siku ya pili wasinzie darasani. Picha nazo zitajwe. Maana siku hizi kila mgeni ana simu mkononi, na uso wa mchezaji huzunguka dunia kabla jasho halijakauka. Yafaa aulizwe kwanza. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoipa ile ruhusa ya kukataa mahali pa kukaa. Ruhusa isiyoandikwa, mwenye njaa hawezi kuitumia.

Sasa nina neno kwa mgeni. Husemwa mara nyingi kwamba karamu hizi huleta udugu. Watu wa mataifa wakila pamoja ufukoni, chuki itakwisha. Laiti ingekuwa hivyo. Ziwa letu lina habari yake katika jambo hili. Pale Liuli, ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lile kubwa, ilikuwako stima yao iliyoitwa Hermann von Wissmann. Upande wa pili wa ziwa Waingereza walikuwa na stima yao, Gwendolen. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, na nahodha wa Kidachi, Berndt, walikuwa marafiki, na husimuliwa ya kuwa walizoea kuketi na kunywa pamoja. Mwezi wa Agosti 1914 Rhoades alipata amri. Akavuka ziwa, akaipiga mizinga stima ya rafiki yake iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Berndt alikuwa hajapata habari ya vita. Husimuliwa ya kuwa alikwenda kwa mtumbwi akipiga kelele, akidhani rafiki yake amelewa au ameshikwa na wazimu. Akachukuliwa mateka.

Sisemi kwamba urafiki wao ulikuwa wa uongo. Naona ulikuwa wa kweli. Lakini ulikuwa mdogo kuliko nguvu zilizowatawala wote wawili, na meza waliyoketi haikuweza kuzuia mzinga mmoja. Basi tusiitwike karamu ya ufukoni mzigo isioweza kuuchukua. Isitakiwe kuwafanya watu kuwa ndugu kwa usiku mmoja. Yatosha ikiwa ya haki: chakula kizuri, ngoma nzuri, kweli katika maneno, ujira uliotimia, na mashua iliyo salama. Udugu ukija juu ya hayo, tutashukuru. Lakini asiyelipa ujira halali asijisifu kwa udugu.

Nimeitaja mashua, wala sikuitaja kwa kupamba maneno. Watu wa ziwani waujua upepo wa kusini uitwao mwera, jinsi uinuavyo mawimbi kwa ghafula. Mwaka 1895 Chauncy Maples, askofu mpya wa misheni ya Likoma, alizama katika ziwa hili, mashua yake ilipopinduka katika dhoruba. Nahodha achukuaye wageni jioni kwa fedha amepokea dhamana ya roho zao. Mgeni hajui upepo. Yeye ajua tu kwamba amelipa. Ikiwa mawingu ni mabaya, na akatae, ijapokuwa jua linapendeza na wageni wanahimiza. Hapo tena waona ya kuwa heshima ya kazi yote hii, ya nahodha na ya mchezaji, imesimama juu ya neno moja: kuweza kusema, Leo hapana.

Na mgeni naye ana wajibu wa kulipokea neno hilo. Aketipo ufukoni, akumbuke kwamba amelipia jasho na ustadi, wala hakulipia moyo. Asidai kicheko. Ngoma ikichezwa, aache kula kidogo aangalie, kama afanyavyo mtu mwenye adabu mwenzake anaposema. Akitaka kujua maana ya ngoma, na aulize, asitunge yake. Na furaha ya kweli ikitokea, kwa kuwa hutokea mara nyingine, mchezaji akasahau ujira, na mgeni akasahau bei, na mzee mmoja wa kijiji aliyekuja kutazama tu akainuka akaingia katika mstari, basi wote wajue ya kuwa wamepewa kitu kisichokuwamo katika mapatano. Wasikihesabu, wala wasikidai usiku wa pili.

Kila mwezi wa Februari hapa Songea tunawakumbuka wale walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 katika vita vya Maji Maji, na ngoma huchezwa, lizombe la Wangoni likiwamo. Ngoma ile ile yaweza kuchezwa wiki nyingine mbele ya watu walioshika sahani. Mlio ni mmoja, na hatua ni zile zile. Kijana mmoja aweza kucheza mahali pote pawili bila kujidanganya, ikiwa ajua mahali pa kwanza anatoa nini, na mahali pa pili anauza nini. Wazee wamfundishe kupambanua, wasimfundishe kuona haya tu. Maana mtu aliyefundishwa kuona haya peke yake atauza kwa siri, na auzaye kwa siri huuza kwa bei ndogo.

Basi, ndugu zangu, hili ndilo shauri langu. Ujira wa ngoma ni halali, kama ujira wa samaki na wa chungu ulivyo halali. Uongo si halali, wala kumnyima mchezaji ruhusa ya kukataa, wala kumwachia mmoja deni la heshima ya wote. Wako watu ziwani na mjini wajuao mambo haya kuliko mimi: manju, manahodha, wenye nyumba za wageni, na wasichana wa kioda. Aliye na neno la kuongeza au la kupinga, na alete waraka kwa mhariri, tulisome pamoja mwezi ujao.